Nusu ya ratiba ambayo chuo hakikupi

Jumapili jioni, mwezi wa kumi, binti wa kaka yangu alinijia barazani, hapa Chumbageni, Tanga, simu mkononi. Mkopo ameshapangiwa, sanduku limeshanunuliwa Ngamiani, tiketi ya basi la Dodoma imeshakatwa. Kilichokuwa kinamsumbua ni faili moja la kurasa kumi na tatu lililorushwa kwenye grupu la WhatsApp la mwaka wa kwanza. Juu yake pameandikwa kwa herufi kubwa kwamba hiyo ni rasimu ya kwanza ya ratiba.

"Shikamoo shangazi. Hebu niangalizie. Mimi naona namba tu."

"Marahaba mwanangu. Lete."

Akaniwekea kidole kwenye kisanduku kimoja cha Jumatatu. 10:00–12:00. "Hiki nimekielewa," akasema. "Saa kumi mpaka saa kumi na mbili. Kwa hiyo Jumatatu asubuhi nzima sina kitu."

Nilicheka mpaka chai ikanipalia, maana kosa hilo nimeshalifanya mimi mwenyewe. Wiki yangu ya kwanza chuoni nilifika ukumbini saa kumi jioni, nimependeza, daftari jipya kwapani. Nikamkuta mama mmoja anapiga deki. Kipindi kilikuwa saa nne asubuhi, na humo ndimo karatasi ya kujiandikisha kwenye makundi ya semina ilimozungushwa. Nikaangukia kundi la mwisho kabisa, Ijumaa saa kumi na moja jioni, muhula mzima.

Basi tuanzie hapo, kwa saa. Ratiba za vyuo huandikwa kwa saa za Kizungu, tena zile za kuhesabu hadi ishirini na nne. Njia rahisi ni kutoa sita. 07:00 ni saa moja asubuhi, 10:00 ni saa nne, 14:00 ni saa nane mchana, 18:00 ni saa kumi na mbili jioni. Ukifika 19:00 utapata kumi na tatu, na hapo saa zimeanza upya: ni saa moja, ya usiku. Utaona ni jambo dogo, na pengine shuleni uliona saa za namna hii ubaoni kila siku. Lakini shuleni hukuwa unasoma saa. Kengele ilikuwa inakusomea.

Hiyo kengele ishike, nitairudia.

Kisanduku kimoja

Ratiba kuu ya chuo haikuandikwa kwa ajili yako. Imeandikwa kwa ajili ya kumbi. Anayeipanga anahangaika na vitu vitatu: ukumbi fulani unabeba watu wangapi, mwalimu fulani hawezi kuwa sehemu mbili, na wanafunzi wa programu fulani wasiitwe kwenye vipindi viwili kwa wakati mmoja. Kozi zinazosomwa na watu wengi, kama mbinu za mawasiliano au masomo ya maendeleo, zinahitaji kumbi kubwa, na kumbi kubwa ni chache. Kozi za aina hiyo zikishakaa mahali pake, za fani yako zinajipenyeza palipobaki. Ndiyo maana utakuta Jumatano vipindi vimebanana na Alhamisi pana pengo ambalo ungeweza kwenda Muheza ukanunua machungwa na kurudi.

Ndani ya kisanduku kuna herufi na namba. Herufi ni idara au somo, na tarakimu ya kwanza mara nyingi ni mwaka wa masomo, kwa hiyo 101 ni ya kwako na 301 si ya kwako hata kama jina linavutia. Kisha kuna alama ya aina ya kipindi, na hapa wengi hupotea. Mhadhara ni wa wote: mnakaa mia tatu, mwalimu anaongea, nyie mnaandika. Semina au tutoria ni ya kundi dogo, na ukiona kozi moja ina visanduku vinane vya semina kwa wiki, usizimie. Wewe unahudhuria kimoja tu, cha kundi lako. Binti yetu alikuwa amevihesabu vyote, akajiona ana saa hamsini na kitu darasani. Tulipofuta visivyo vyake zikabaki kumi na tisa.

Kumi na tisa! Akashusha pumzi. "Kumbe rahisi hivi."

Hesabu ya krediti

Hapa nilimwomba alete kalamu. Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, imeweka kipimo ambacho wanafunzi wengi humaliza chuo hawajawahi kukisoma: krediti moja ni saa kumi za kazi ya mwanafunzi. Si saa kumi za kukaa darasani, ni saa kumi za kazi yote, yaani mhadhara, semina, vitendo, kusoma mwenyewe, kazi za kuandika, hadi mtihani wenyewe. Mwaka mmoja wa shahada unatakiwa usipungue krediti 120, ndiyo maana shahada ya miaka mitatu inadai angalau 360 na ya miaka minne 480. Vyuo vya kati vya stashahada vilivyo chini ya NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, navyo hupima kwa saa kumi kwa krediti. Tofauti ni kwamba huko mara nyingi unakabidhiwa moduli zako zote bila cha kuchagua, kwa hiyo nusu ya makala haya haikuhusu. Nusu nyingine inakuhusu zaidi.

Sasa hesabu. Krediti 120 kwa mwaka ni 60 kwa muhula, na 60 mara kumi ni saa 600. Muhula una kama wiki kumi na tano za mafundisho. Gawanya: saa 40 kwa wiki.

Ratiba ya chuo imemwonyesha saa 19. Zipo saa 21 nyingine ambazo chuo kimeshazihesabu, kimeshaziweka kwenye krediti zake na kitamtahini kwazo, ila hakikuziandika popote. Hakuna ukumbi, hakuna mwalimu, hakuna kisanduku. Aliyekunja ratiba akaiweka mfukoni akidhani amemaliza kupanga, amepanga nusu.

Turudi kwenye kengele. Kijana aliyetoka bweni amewahi kuzifanya saa hizo zote, tena bila kulalamika sana. Zilikuwa zinaitwa prepo. Saa mbili usiku kengele inalia, taa zinawaka madarasani, mwalimu wa zamu anapita na fimbo yake nyuma ya mgongo, na hata usiposoma unakaa mbele ya daftari mpaka aibu ikushike. Halafu binti yetu alikwenda Jeshi la Kujenga Taifa, JKT Maramba, na huko ni filimbi tangu alfajiri. Kwa hiyo tangu kidato cha kwanza hajawahi kumiliki jioni yake. Chuoni prepo haijafutwa, ipo vilevile na saa zake zilezile, isipokuwa hakuna wa kupiga kengele. Watu husema wa mwaka wa kwanza wanadisko, yaani wanaondolewa chuoni kwa kufeli, kwa sababu ya starehe. Wapo. Ila niliosoma nao na kuwaona wakirudi nyumbani wengi wao walikuwa watoto watulivu tu, walioona kisanduku kitupu wakadhani ni muda wa kupumzika.

Jumanne

Tulichukua kalenda ya ukutani ya mwaka unaoisha, tukaigeuza nyuma. Kalamu nyekundu kwa vipindi vya chuo, kijani kwa vile vya kwake. Tukaanza na siku iliyokuwa mbaya kuliko zote, Jumanne: mhadhara saa moja hadi saa tatu asubuhi, halafu semina saa nane hadi saa kumi. Katikati pana pengo la saa tano.

Pengo kama hilo usipolipangia shughuli litajipangia lenyewe. Unatoka saa tatu, unarudi bwenini "kidogo", unakunywa chai, mwenzio wa chumba anawasha filamu, unajilaza, unaamka saa saba na nusu na alama ya shuka shavuni. Semina unaiingia hujafungua kitabu. Siku ya saa tisa imezaa saa nne.

Tulilikata hivi. Saa tatu hadi saa tatu na nusu chai, lakini ya kantini ya karibu na ukumbi, si ya bwenini. Saa tatu na nusu hadi saa tano na nusu maktaba, na kazi ya kwanza ni mhadhara uleule uliotoka kuusikia, kabla haujapoa. Unafungua daftari, unaandika upya kwa maneno yako, panapokosekana unaweka alama ya kuuliza. Kazi hii ukiifanya siku hiyohiyo inakula dakika arobaini, ukiiacha mpaka mwezi ujao inakula jioni nzima na bado mwandiko wako mwenyewe hutausoma. Muda uliobaki ni wa semina ya mchana: swali mmeshapewa, basi jibu lake liwe kwenye karatasi. Kisha saa tano na nusu hadi saa nane ni chakula, swala ya adhuhuri, kupumzika, kumpigia mama. Kijani ya Jumanne ni saa mbili tu. Akaniuliza mbona nimemwonea huruma. Nikamwambia mtu anayejipangia saa tano mfululizo siku ya Jumanne hajipangii, anajidanganya.

Saa 21 zinapatikana kidogo kidogo namna hiyo: mbili Jumanne, tatu Alhamisi penye pengo kubwa, mbilimbili jioni za siku nne, tano Jumamosi, tatu Jumapili. Jumlisha mwenyewe. Ijumaa jioni tuliiacha nyeupe kwa makusudi. Ratiba isiyo na pa kupumulia huvunjwa wiki ya pili, na ikishavunjwa mara moja hakuna anayeirudia.

Kwa anayekaa geto nje ya chuo, tia na daladala kwenye hesabu. Hapa Tanga tumezoea kila mahali ni baiskeli na dakika kumi na tano, tukifika miji mikubwa tunashangaa. Kama safari ni saa nzima kwenda na saa nzima kurudi, pengo la saa tatu si la kurudi nyumbani. Ni la kukaa.

Kuchagua opsheni, na kwa nini krediti si urembo

Kozi za lazima huzichagui. Zinachaguliwa zile za hiari, opsheni, na ushauri utakaoupata kwa walio mbele yako ni mmoja: chukua ile ambayo mwalimu wake hasumbui. Siukatai moja kwa moja. Ila kabla ya kuuliza tabia ya mwalimu, angalia mambo mawili.

La kwanza ni krediti. Wastani wako, GPA, hauhesabu kozi kwa idadi, unahesabu kwa uzito. Katika mfumo wa pointi tano, A ni 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2. Unazidisha pointi kwa krediti za kozi, unajumlisha, unagawa kwa jumla ya krediti. Chukua kozi mbili, moja ya krediti 12 na nyingine ya 8. Ukipata A kwenye ya 12 na C kwenye ya 8, una 60 na 16, jumla 76. Gawa kwa 20 unapata 3.8. Zigeuze: C kwenye nzito, A kwenye nyepesi, una 24 na 40, jumla 64, na wastani ni 3.2. Herufi ni zilezile mbili. Kwa hiyo mtu anayemaliza jioni zake zote kwenye kozi ndogo anayoipenda, akaiachia nzito mabaki ya muda, anajikata mwenyewe. Kalamu ya kijani igawe kwa krediti: ya 12 ipate zaidi kuliko ya 8.

La pili ni mgongano. Ikiwa kozi mbili za lazima za programu yako zimewekwa saa ileile, hilo ni kosa la mpangaji. Mwambie CR wenu, kiongozi wa darasa, alifikishe idarani, litarekebishwa. Ikiwa opsheni uliyoipenda imegongana na kozi ya lazima, hilo ni lako. Hakuna atakayehamisha ukumbi wa watu mia tatu kwa sababu yako. Badilisha opsheni mapema, ndani ya wiki za mwanzo ambapo mfumo wa usajili bado uko wazi. Wako wanaohudhuria kozi muhula mzima bila kuisajili, wanafanya testi, wanapiga msuli, halafu siku ya mtihani jina halipo. Kukaa darasani na kusajiliwa ni vitu viwili.

Neno "rasimu" juu ya faili lile lina maana yake. Chuo kinatoa rasimu ili migongano ijulikane kabla ya ratiba ya mwisho, na huo ndio wakati wa kusema. Kwetu huku pwani Ijumaa kati ya saa sita na saa nane mchana kila mtu anajua ni nini. Usidhani kila mahali wanajua. Mkiona kipindi cha lazima kimekaa hapo, Waislamu wa darasa lenu wamwendee CR wakati wa rasimu ya kwanza, kwa heshima na kwa maandishi. Msabato naye asisubiri mpaka atangaziwe testi ya Jumamosi. Na mwezi wa Ramadhani ukiangukia ndani ya muhula, semina ya saa kumi na moja hadi saa moja itakukuta unafuturu kwa tende mlangoni. Wiki ya kwanza ndiyo ya kuwahi kundi la asubuhi, karatasi ikipita. Mimi wa Ijumaa jioni nawaambia.

Kozi zile za kumbi kubwa, ambazo kila mtu anaziita za kujazia, msizidharau. Ukizifeli ni sapu, mtihani wa marudio, na ukilifeli hilo sapu unakeri, yaani unaibeba kozi kuingia nayo mwaka wa pili. Watu huogopa aibu yake, mimi naogopa ratiba yake. Mpangaji alihakikisha kozi za mwaka wa kwanza hazigongani zenyewe kwa zenyewe. Hakuahidi kwamba hazitagongana na za mwaka wa pili. Aliyekeri anaishi na ratiba mbili zisizojuana, na kila wiki anachagua kipindi kipi akikose, huku vyuo vingi vinadai mahudhurio ya asilimia 75 ndipo ukaruhusiwa mtihani.

Kuna jambo moja ratiba ya wiki haionyeshi, nalo ni kwamba wiki hazifanani. Za kwanza mbili ni nyepesi, walimu wengine hata hawajaingia. Karibu na katikati ya muhula testi za kwanza hushuka zote pamoja, na kazi za makundi zinadaiwa wiki hiyohiyo, kwa kuwa kila mwalimu amefikiri kivyake. Kwenye vyuo vingi alama za muhula, zinazobeba kama asilimia 40, zinapatikana humo, kabla ya UE, mtihani wa mwisho wa muhula. Kwa hiyo pembeni ya ile kalenda tuliandika namba za wiki, 1 hadi 15, tukaacha nafasi. Kila tarehe ya testi itakapotangazwa aiandike hapo, halafu arudi nyuma wiki mbili na kuweka nukta ya kijani.

Wakati tunayaandika haya jirani yangu alipita na ndoo ya maji, akasimama kutazama. Yeye ni mwalimu wa shule ya msingi, anasoma Chuo Kikuu Huria, kile kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kupitia kituo chake cha hapa Tanga. Hana vipindi vya kila siku kama wa vyuo vya bweni. Kalenda yake yote ni ya kijani. Anaamka saa kumi alfajiri, anasoma mpaka saa kumi na mbili kasoro, watoto hawajaamka, na Jumamosi mchana anajifungia. Akaangalia karatasi ya binti, akauliza, "Hizi nyekundu ni za nini?"

"Za chuo, mwalimu."

"Mna bahati," akasema, akaendelea na ndoo yake.

Binti alisafiri Jumatano. Wiki mbili baadaye akanipigia, upepo wa Dodoma unavuma kwenye simu mpaka namsikia nusu nusu. Rasimu ya pili imetoka, Jumanne yote imehamia Alhamisi, semina imekwenda asubuhi, na kalenda tuliyoichora haifai tena.

"Na zile za kijani?"

"Nimezihamisha nazo, shangazi. Zimebaki kumi na nane, tatu sijazipatia pahala."

"Kesho unaanza saa ngapi?"

"Kumi na tatu kamili," akasema, kisha akajirudi mwenyewe haraka. "Saa saba. Saa saba mchana."

"Na asubuhi?"

Kimya kidogo. Nikasikia karatasi inakunjuliwa.

"Ngoja nichukue kalamu," akasema.